Barua ya wazi kwa Wabunge: ruzuku ya nishati safi iende kwenye kujaza mtungi

Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na hasa wajumbe wa Kamati ya Nishati na Madini na wa Kamati ya Bajeti,

Salaam. Tunaoandika ni mawakala wa gesi ya kupikia, mafundi wa majiko na mafundi umeme wa majumbani. Tunaandika kabla Fungu 58, la Wizara ya Nishati, halijafika mbele yenu, na hoja yetu ni moja. Fedha ya kumsaidia mwananchi apike kwa nishati safi inawekwa kwenye siku ya kukabidhiwa mtungi, siku yenye hotuba na kamera. Kaya hukwama siku gesi inapokwisha, na siku hiyo hakuna ruzuku yoyote inayomfikia mpishi.

Hatubezi kilichofanyika. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ulioahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi barani Afrika. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imepeleka mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei, mitungi 3,255 kwa kila wilaya, mnunuzi akitakiwa kuwa na kitambulisho cha NIDA tu. Mitungi imefika hadi kata ambazo hazikuwahi kuona wakala wa gesi. Shida inaanza hapo.

Chukueni kaya ya watu watano inayopika kila kitu kwa gesi: chai asubuhi, ugali na mboga mchana, wali au ugali usiku, maharage mara mbili tatu kwa wiki. Kaya hiyo inakula gesi ya kati ya gramu 250 na 350 kwa siku. Mtungi wa kilo 6 unaisha ndani ya siku 17 hadi 24. Kwa hiyo inahitaji mtungi mmoja na nusu kwa mwezi, na kujaza mtungi mdogo Dar es Salaam ni kama shilingi 24,000. Hapo ni 36,000 kwa mwezi kwa aliye jirani na wakala. Aliye kijijini anaongeza nauli ya bodaboda, mtupu kwenda na uliojaa kurudi, na mara nyingi nauli hiyo inafika robo ya bei ya gesi yenyewe.

Matokeo yake tunayaona dukani. Mtungi unajazwa mara moja au mbili, kisha unabaki wa dharura: kuchemsha maji ya uji wa mtoto, kupasha kiporo, kupikia mgeni. Chungu cha maharage kinarudi kwenye mkaa. Ripoti ya mwaka inaihesabu kaya hiyo kuwa imeshahamia nishati safi, huku moshi wake uko palepale.

Wapo wanaosema mwananchi anapenda mkaa kwa mazoea. Hesabu haisemi hivyo. Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban megajuli 46, na jiko zuri linafikisha nusu yake kwenye sufuria, yaani megajuli 23. Kilo ya mkaa ina kama 29, lakini jiko la kawaida la bati linafikisha moja ya tano tu, chini ya megajuli 6. Ina maana kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo nne za mkaa. Gesi ya 24,000 kwa kilo 6 ni 4,000 kwa kilo. Mkaa ukinunuliwa kwa kopo au kwa sado mjini, kilo nne zake zinapita hapo bila shida. Kwa kila chungu kinachoiva, mkaa ndio ghali.

Lakini mkaa unauzwa wa elfu moja. Mama ntilie au kibarua mwenye 3,000 jioni anagawa: unga, mboga, mkaa wa leo. Hawezi kugawa 24,000. Anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku, na mtungi ni bidhaa ya mtu anayelipwa kwa mwezi. Ruzuku isiyogusa jambo hili itaendelea kuuza mitungi, halafu mitungi itaendelea kukaa uvunguni mwa kitanda.

Lipo tatizo la pili ambalo kwenye makaratasi halionekani, nalo ni chapa. Mtungi wa kampuni moja haujazwi na kampuni nyingine, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu mwenye mtungi ndiye anayewajibika kuupima na kuukagua. Ila zabuni inapompa msambazaji mmoja eneo zima, na duka la kata linauza chapa nyingine, mlengwa anabaki na chuma asichoweza kukibadilisha karibu. Tunaomba sharti liwekwe kwenye mkataba wa kila msambazaji anayelipwa fedha ya umma: hapokei malipo ya mwisho mpaka aonyeshe wakala anayejaza chapa yake katika kila kata alikopeleka mitungi, mwenye akiba ya mitungi iliyojaa isiyopungua 20, na awe amedumu hapo miezi 6.

La tatu ni uzito. Kwenye shingo ya kila mtungi kuna namba ya uzito wake ukiwa mtupu. Ikisomeka 7.4, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima uonyeshe 13.4 kwenye mizani. Kanuni zinamtaka muuzaji awe na mizani, lakini mizani nyingi ziko stoo, nyuma ya magunia. Mtungi uliopunjwa nusu kilo umempunguzia mteja kama siku mbili za kupika, na yeye ataamini gesi inaisha haraka. Kwa fedha ya ruzuku, uzito usomwe mbele ya mteja na uandikwe kwenye risiti. Bila hivyo mtakuwa mnalipia hewa.

Sasa pendekezo lenyewe. Tengeni kasma ya ruzuku ya kujaza, iliyo mbali na ile ya kununua mitungi. Kwa kuanzia, kaya 200,000 zilizomo kwenye orodha ya kaya maskini iliyojengwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), na ambazo tayari zina mtungi. Kila kaya ipewe vocha 8 kwa mwaka, kila moja ya shilingi 8,000. Hiyo ni shilingi bilioni 12.8. Ongezeni asilimia 10 ya uendeshaji, inakuwa kama bilioni 14. Vocha 8 ni kilo 48 za gesi, haitoshi mwaka mzima wa kupika kila kitu, na hatutaki kudanganya kwamba inatosha. Inatosha kumfikisha mtu kwenye mazoea ya kurudi dukani mtungi unapoisha, na pia inatosha kumpa wakala wa kijijini wateja wa uhakika hadi aone faida ya kuweka akiba.

Utaratibu wake si mgumu. Vocha inatumwa kwenye namba ya simu ya mlengwa kama namba ya siri. Anafika kwa wakala na mtungi mtupu, wakala anaingiza namba hiyo pamoja na namba ya mtungi uliojaa, anaandika uzito, mteja analipa tofauti iliyobaki, na 8,000 inaingia kwenye simu ya wakala. Iingie siku hiyohiyo, au ndani ya saa 48. Hapa ndipo mipango ya namna hii hufia: wakala mwenye mtaji wa mitungi 30 akicheleweshewa malipo miezi miwili, mtaji umekwisha, atakataa vocha, na mlengwa ataambiwa mtandao hauko.

Udanganyifu upo, tuuseme. Wakala anaweza kukusanya namba za siri za watu na kuchukua fedha bila kubadilisha mtungi, akiwagawia elfu mbili mbili. Kinga yake ni namba ya mtungi: mtungi uleule ukionekana umeuzwa mara tatu kwa wiki bila kurudi kiwandani, mfumo uukatae. Pia vocha zisitolewe zote mara moja. Zitoke mbili kila robo mwaka na zidumu siku 90, maana matumizi hayafanani; Ramadhani na wakati wa masika, kuni zinapokuwa mbichi, gesi inakwenda zaidi kuliko msimu wa mavuno. Asiye na simu asiachwe. Wazee wengi walio kwenye orodha hutumia simu ya mtoto au ya jirani, kwa hiyo ofisi ya kijiji iwe na njia ya karatasi yenye muhuri, hata kama ni ya asilimia ndogo.

Kwa nini tusishushe bei ya gesi kwa wote? Indonesia ilianza mwaka 2007 kuwahamisha watu kutoka mafuta ya taa kwenda mtungi wa kilo 3 wenye bei ya ruzuku. Watu walihama kweli, ila mtungi wa bei nafuu haujui nani maskini, na wenye uwezo nao waliununua. India ilifanya kosa lililo karibu zaidi na letu. Mpango wa Ujjwala, wa kuziunganishia gesi kaya maskini, ulianza Mei 2016 na kufikia Septemba 2019 ulikuwa umetoa miunganisho milioni 80. Mkaguzi Mkuu wa huko akakuta wastani wa kujaza kwa wanufaika ni mitungi mitatu na kidogo kwa mwaka, wakati ruzuku iliruhusu 12. Ndipo Mei 2022 serikali ikaweka rupia 200 kwa kila mtungi wa kilo 14.2 kwa wanufaika, na Oktoba 2023 ikapandisha hadi 300. Walitumia miaka sita kufika kwenye ruzuku ya kujaza inayomlenga maskini, pale tunapowaomba mwanzie. Huko Marekani nako, mpango wa shirikisho wa kusaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia nishati ya nyumbani, LIHEAP, ulianzishwa mwaka 1981, na kwa kawaida unalipia bili moja kwa moja kwa kampuni ya umeme, gesi au mafuta ya kupashia joto. Nao kila mwaka hutegemea wabunge wao watenge fedha. Mwananchi asipoandika, kasma inapunguzwa kimyakimya.

Tukija kwenye umeme, hapa ndipo tunapoomba muda wenu zaidi, kwa sababu fursa ni kubwa na kikwazo kimewekwa na tarifa yetu wenyewe.

Jiko la presha la umeme, lile la kufunga mfuniko lenye nguvu ya kama wati 1,000, linaivisha nusu kilo ya maharage makavu kwa uniti 0.4 hadi 0.5. Kwa tarifa ya kawaida ya T1 ni chini ya shilingi 180. Maharage hayohayo kwenye mkaa yanamaliza zaidi ya kilo ya mkaa. Jiko hili si la kila kitu: ugali linapika kwa tabu, chapati hazipikiki humo. Lakini maharage, makande, nyama, kunde, ndizi na wali, yaani vyakula vinavyomaliza mkaa, ndivyo vinavyolifaa.

Sasa tazameni tarifa. Mteja mdogo wa majumbani, D1, analipa 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) asilimia 1, inakuwa 122. Akipita 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, yaani 427. Akizidisha mara kwa mara anahamishiwa T1, ambako uniti ni 292, na 356 pamoja na makato.

Kaya inayotumia uniti 60 kwa taa, televisheni, pasi na friji ndogo inalipa 7,320. Ikianza kupika kwa umeme, uniti 1.2 kwa siku, inaongeza 36 na kufika 96. Uniti 75 za kwanza ni 9,150, na 21 zilizobaki ni 8,967. Jumla 18,117. Ikihamishiwa T1, uniti hizo 96 zinagharimu zaidi ya 34,000. Ongezeko hilo la karibu 27,000 linazidi bei ya kujaza mtungi wa gesi. Fundi akimshauri mteja wa D1 apike kwa umeme, kwa tarifa hii anakuwa amemtia hasara. Wengi wameshajua, jiko wanalo, wamelifungia kabatini.

Tunaomba kikomo cha D1 kipande kutoka 75 hadi 120. Kaya ile ya uniti 96 ingelipa 11,712, maana yake kupika mwezi mzima kungeigharimu 4,392. Tunajua EWURA ndiyo inayopanga bei na tunajua uniti ya 100 haifidii gharama ya TANESCO, hivyo pengo lilipwe kwenye bajeti, lionekane kwa jina lake, lisiachwe kwenye vitabu vya shirika. Umeme wenyewe upo: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Panapobana ni transfoma. Transfoma ya kVA 50 kijijini inajaa kabisa majiko 50 ya wati 1,000 yakiwashwa pamoja saa 1 usiku, na hapo taa hazijahesabiwa. Fedha ya majiko iende sambamba na fedha ya transfoma, na kampeni ziwafundishe watu kupika maharage saa 8 mchana.

Pia jiko hili halitaki waya wa kubahatisha. Ampea 4 na zaidi kwa saa nzima kwenye ekstensheni nyembamba zinachoma plagi kwanza, kisha ukuta. Kila jiko la ruzuku liende na ukaguzi wa soketi moja: waya wa milimita za mraba 2.5, swichi ya kukata umeme unaovuja, na nondo ya athi iliyo ardhini kweli. Kwa gharama ya ukaguzi huo mnaepuka habari ya nyumba iliyoungua, ambayo ikitokea kijiji kizima kitaacha.

Na wapangaji, waheshimiwa. Nyumba ya vyumba sita yenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja inaweza kupita uniti 75 kabla mwezi haujaisha hata kama kila chumba kinatumia umeme kidogo. Hivyo watu wenye kipato cha chini kuliko wote mjini wako T1, wakati mwenye nyumba yake peke yake, mwenye friji, yuko D1. Juu yake wanakatwa kwenye LUKU hiyohiyo kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kodi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba. Suluhisho ni mita kwa kila kaya. Mnaweza kuanza kwa kuruhusu nyumba za kupanga katika kata za mijini ziunganishiwe mita za ziada kwa malipo ya awamu yanayokatwa kidogo kidogo kwenye uniti.

Mtaji wa mawakala usitafutwe mbali. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Kikundi cha wanawake watano chenye mitungi 40 iliyojaa, mizani na kizimba cha nondo kilicho nje, mbali na moto na shimo la maji, ni wakala kamili. Kizimba kiwe nje kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kutulia mtaroni. Wapewe na kazi ya kupima uvujaji kwa povu la sabuni na kubadilisha kile kipira kidogo cha mdomo wa valvu. Kipira hicho kikikauka, mtungi unanuka, mama anaogopa, anarudi kwenye kuni. Marejeo mengi ya mkaa tunayoyaona dukani yana sababu mbili tu, bei na woga.

Kwa wananchi mnaoisoma barua hii: mwandikieni mbunge wenu kupitia ofisi yake ya jimbo kabla ya Aprili, kikao cha bajeti kinapoanza. Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni kata, kaya ni ya watu wangapi, mtungi mliupata lini, mmejaza mara ngapi, wakala wa chapa yenu yuko umbali gani, na LUKU yenu iko tarifa gani. Nakala apewe diwani. Mwezi Juni, Kamati ya Bajeti inapopokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, vikundi vipeleke maoni kwa maandishi, vikitaja kifungu na kiasi. Barua inayosema "tunaomba msaada wa nishati" inajibiwa kwa ahadi. Inayotaja bilioni 12.8, kaya 200,000 na vocha 8 itabidi ijibiwe kwa namba.

Nanyi waheshimiwa, siku Waziri atakapowasilisha makadirio, tunawaomba mumuulize haya. Kati ya mitungi iliyotolewa kwa ruzuku mwaka uliopita, mingapi ilijazwa tena ndani ya siku 90, na mingapi ndani ya siku 180, kwa kila wilaya? Kati ya shilingi 100 inayotozwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya Mfuko wa Nishati Vijijini, kiasi gani kilifika REA na kwa tarehe zipi? Wateja wangapi walihamishwa kutoka D1 kwenda T1, na kwenye nyumba zao zinaishi kaya ngapi? Majibu yawekwe kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa wilaya, ili nasi tuliyoyaona dukani tuyalinganishe nayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mawakala wa gesi, mafundi wa majiko na mafundi umeme wa majumbani